Nani Anafungua Shoo? Bendi za Roki Zinaporudiana

Tarehe 4 Julai 2025, katika uwanja wa Principality mjini Cardiff, ndugu wawili waliokuwa hawajasimama jukwaa moja kwa takriban miaka 16 walitoka mbele ya watu wakiwa wameshikana mikono, wakaiinua juu. Noel na Liam Gallagher. Bendi yao, Oasis, ilivunjika tarehe 28 Agosti 2009 mjini Paris, muda mfupi kabla ya kupanda jukwaani, kwa ugomvi ulioishia na gitaa kuvunjwa. Tangu siku hiyo walikuwa wakirushiana maneno magazetini na mitandaoni, kila mmoja na muziki wake, na sisi mashabiki tulikuwa tumeshakata tamaa. Nilipoiona ile mikono kwenye simu, usiku, nikiwa Nairobi, machozi yalinitoka.

Naanza na machozi hayo ili ijulikane kwamba anayeandika hapa si adui wa bendi za zamani. Kaseti ya albamu yao ya pili ililetwa nyumbani kwetu Mombasa na mjomba aliyekuwa baharia, nami niliisikiliza mpaka utepe ukaanza kukwaruza. Nawapenda. Lakini tangu ziara ile itangazwe, kuna swali limeniganda: bendi kubwa ya zamani inaporudi, muziki mpya unapata nini? Mapromota husema roki inafufuka, vijana watanunua magitaa, kila mtu atafaidika. Wengine husema wazee hawa wanaziba njia. Mimi nimefika mahali ambapo siulizi tena kama shoo ilikuwa kali au uwanja ulijaa. Nalitazama bango, kule chini kwenye maandishi madogo, nione nani anafungua, yaani nani anapiga kabla ya bendi kubwa.

Biashara ya kurudiana haikuanza jana. Eagles walirudi mwaka 1994 baada ya miaka 14, na tiketi zao zikavuka dola 100, bei ambayo mashabiki wa roki walikuwa hawajaizoea. Sex Pistols, waliojijengea jina kwa kuidharau biashara ya muziki, walirudi mwaka 1996 na kutangaza waziwazi, kwa jina la ziara yenyewe, kwamba wamefuata pesa. Led Zeppelin walipiga usiku mmoja tu, tarehe 10 Desemba 2007, ukumbi wa O2 mjini London, na maombi ya tiketi yakafika milioni 20. Stone Roses, wenyeji wa Manchester kama Oasis, waliuza tiketi 220,000 za bustani ya Heaton Park kwa dakika 68 walipotangaza kurudi kwao kwa mwaka 2012. Guns N' Roses walizunguka dunia kuanzia 2016 hadi 2019 na kukusanya zaidi ya dola milioni 580.

Kwa nini wanarudi? Pesa, bila shaka, lakini inafaa kueleza pesa hiyo inatoka wapi. Zamani bendi ilizunguka ili iuze santuri. Ziara ilikuwa tangazo, santuri ndiyo ilikuwa bidhaa. Leo wimbo unasikilizwa mtandaoni kwa malipo ambayo ukiyagawa hayafiki hata senti moja kwa kila mara unapochezwa, kwa hiyo mambo yamegeuka: wimbo ndio tangazo na jukwaa ndilo linalolipa. Na nani ana nyimbo ambazo watu elfu 80 wanazijua kwa moyo neno kwa neno? Waliozitoa miaka 30 iliyopita, wakati redio, televisheni na magazeti ya muziki yote yalikuwa yakiimba kwa sauti moja.

Nchini Marekani, karibu robo tatu ya muziki unaosikilizwa siku hizi una umri wa zaidi ya miezi 18. Kijana wa miaka 17 akifungua simu yake, wimbo wa mwaka 1995 na wa juzi vinamjia kwenye kioo kilekile, kwa bei ileile. Sina ugomvi na hilo. Kijana ana haki ya kuupenda wimbo uliotoka kabla hajazaliwa, kama sisi tulivyopenda nyimbo za baba zetu. Ila kwa bendi changa maana yake ni hii: haishindani tena na bendi nyingine changa za mtaani pekee. Inashindana na kila wimbo mzuri uliowahi kurekodiwa, halafu waliourekodi wanarudi wazima, wamependeza, wakiwa na taa na skrini ambazo kijana hawezi hata kuziota.

Siku tiketi za Oasis zilipoanza kuuzwa, tarehe 31 Agosti 2024, binamu yangu anayeishi Manchester alikaa kwenye foleni ya mtandaoni tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika, tiketi ya kusimama iliyotangazwa kwa pauni kama 150 ilikuwa imeshapanda hadi zaidi ya 350. Akalipa. Hakuwa peke yake, na malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilianzisha uchunguzi juu ya namna tiketi hizo zilivyouzwa. Lakini yaliyonikaa zaidi ni maneno aliyoniambia binamu baadaye, bila kinyongo chochote: kwamba kwa mwaka ule hatakwenda kwenye shoo nyingine, bajeti ya muziki imekwisha. Yeye ni mtu ambaye zamani alikuwa akiingia kwenye vilabu vidogo karibu kila wiki mbili, kwa tiketi ya pauni kumi au kumi na mbili, kuona watu ambao hakuna aliyewajua. Pesa aliyotoa kwa usiku mmoja ingempeleka kwenye shoo ndogo karibu thelathini. Majirani zake wasio na tiketi walipanda kilima kilicho kando ya Heaton Park, ambako Oasis walikuwa wakipiga, wakasikiliza bure kwa mbali pamoja na maelfu ya wengine, mpaka kilima kikapewa jina la akina Gallagher na halmashauri ikaweka uzio. Nilifurahi kusikia habari za kile kilima kuliko za uwanjani.

Sasa tuje kwenye bango. Katika shoo za Uingereza na Ireland, waliofungua walikuwa wawili: Cast, bendi ya Liverpool iliyoanzishwa mwaka 1992, na Richard Ashcroft, aliyekuwa mwimbaji wa The Verve. Wote ni wanamuziki wazuri. Nyimbo za Ashcroft zimenishika mkono katika misiba. Lakini wote ni wa kizazi kilekile cha Oasis, miaka ileile ya tisini. Mtu alinunua tiketi ya kurudi mwaka 1996, akafunguliwa mlango na watu wa mwaka 1996. Usiku baada ya usiku, mbele ya watu waliojaa hamu ya gitaa, hakukuwa na nusu saa hata moja kwa kijana mmoja wa Manchester au Wigan au Glasgow aliyeandika wimbo mwaka huu.

Na hili linaniuma kwa sababu ya namna Oasis wenyewe walivyopatikana. Tarehe 31 Mei 1993 walikuwa bendi isiyo na mkataba, vijana wa mitaa ya nyumba za halmashauri ya Burnage, ambao jijini kwao hawakuwa wakivuta watu wengi. Walikuwa wakitumia chumba cha mazoezi pamoja na kundi la wasichana lililoitwa Sister Lovers, katika jengo la klabu ya Boardwalk mjini Manchester. Sister Lovers walikuwa na shoo Glasgow, kwenye klabu ya King Tut's Wah Wah Hut, chumba cha juu kinachoingiza watu kama 300. Oasis wakaamua kwenda nao. Hawakuwa kwenye orodha ya usiku ule. Walifika, wakadai nafasi, na baada ya mvutano mlangoni wakaruhusiwa kupiga nyimbo chache mwanzoni kabisa, kabla watu hawajajaa. Ikatokea kwamba Alan McGee, mwenye lebo ya Creation, alikuwa amefika mapema. Akawasikia, akawafuata, akawapa mkataba. Agosti 1994 albamu ya kwanza ikatoka. Agosti 1996 walipiga mbele ya watu 250,000 kwa siku mbili huko Knebworth, na walioomba tiketi walizidi milioni mbili na nusu.

Miaka mitatu na miezi michache, kutoka nyimbo chache za kufungulia katika chumba cha watu 300. Bendi kubwa kuliko zote za kizazi chao iligunduliwa kwa sababu kulikuwa na ukumbi mdogo, kulikuwa na wenzao waliokubali kugawana jukwaa, na kulikuwa na nafasi tupu mwanzoni mwa usiku.

Vyumba vya aina ile vinakufa. Shirika la Music Venue Trust, ambalo tangu mwaka 2014 linatetea kumbi ndogo za muziki za Uingereza, lilihesabu kumbi 125 zilizofungwa au kuacha muziki wa jukwaani mwaka 2023 peke yake. Mojawapo ilikuwa Moles ya mjini Bath, iliyofungwa Desemba mwaka huo, ambako Oasis na Radiohead walipiga walipokuwa bado hawajulikani. Mwaka 2024 zilizobaki ziliendeshwa kwa faida ya chini ya asilimia 1, na zaidi ya nne katika kila kumi zilipata hasara. Kuna takwimu nyingine ya shirika hilo ambayo siwezi kuisahau: mwaka 1994 ziara ya bendi ya ngazi hiyo ilikuwa na wastani wa shoo 22; mwaka 2024 zilikuwa 11. Nusu imepotea. Bendi changa ya leo inapata nusu ya usiku ambao Oasis waliupata wa kukosea, kuboresha, kugombana ndani ya gari dogo na kupatana.

Sitaki kusema uongo hapa. Bendi zilizorudiana hazikuua kumbi hizo. Kodi za pango ziliziua, bili za umeme, majirani wapya waliohamia pembeni mwa klabu kisha wakalalamikia kelele, na miezi ile ya Covid wakati milango yote ilifungwa. Tatizo la ziara kubwa ni jingine: pesa inapanda juu na haishuki. Wapenzi wa mpira wataelewa haraka. Ligi Kuu ya Uingereza, pamoja na uchoyo wake wote, hupeleka sehemu ya mapato yake kwa madaraja ya chini, kwa sababu inajua kwamba mchezaji wa kesho anakimbia leo kwenye uwanja wenye matope. Muziki haukuwa na mfereji wowote wa aina hiyo. Mei 2024 kamati ya bunge la Uingereza inayoshughulikia utamaduni ilipendekeza tozo ya hiari kwenye tiketi za viwanja na kumbi kubwa, pauni moja hivi, iende kwa kumbi ndogo, na baadaye serikali ikaunga mkono. Pauni moja! Juu ya tiketi ya 150 hakuna ambaye angeihisi. Coldplay walikwenda mbali zaidi, wakaahidi asilimia 10 ya mapato yao ya shoo za Uingereza za mwaka 2025. Sam Fender, kijana wa North Shields ambaye mwenyewe hajasahau alikoanzia, alitoa pauni moja kwa kila tiketi ya kumbi kubwa. Hao ni miongoni mwa waliotangulia, na nawapa heshima zote. Lakini kitu cha hiari hubaki hiari, na mapromota wengi wakubwa wanajua jinsi ya kukaa kimya.

Kuna watu watanijibu kwamba Oasis wamewarudisha vijana kwenye gitaa. Huenda. Nimewaona kwenye video, wasichana wa miaka 18 wamevaa kofia za kitambaa na makoti ya mvua kama Liam, wanaimba kwa sauti zote. Albamu yao ya kwanza ilirudi namba moja kwenye chati za Uingereza Septemba 2024, miaka 30 tangu ilipotoka. Lakini upendo huo unahitaji mahali pa kwenda baada ya shoo. Msichana yule akitoka Heaton Park akiwa amewaka moto, na klabu ya mtaani kwake imegeuzwa kuwa nyumba za kupangisha, moto ule utamrudisha kwenye simu yake, kwenye albamu ileile ya 1994.

Si kila kurudiana ni kwa namna hiyo. Kuna bendi moja inayonifundisha mengi, na historia yake imefungamana na ya Oasis kwa namna ya kusikitisha. Slowdive walianzia Reading mwaka 1989, wakasainiwa na Creation, lebo ileile ya McGee. Muziki wao ulikuwa wa polepole, magitaa yamezamishwa kwenye mwangwi mpaka hujui wapi gitaa linaishia na wapi sauti ya Rachel Goswell inaanza. Magazeti ya muziki ya Uingereza yaliwadhihaki bila huruma. Mwaka 1995, wakati Oasis wanaijaza lebo ile pesa, Slowdive walitoa albamu yao ya tatu na mara wakaachwa. Bendi ikafa. Hakuna aliyeandika tanzia.

Halafu, taratibu, intaneti ikafanya kazi ambayo magazeti yalikataa kuifanya. Watoto ambao hawakuwahi kusoma dhihaka zile walizikuta nyimbo wakiwa peke yao vyumbani, usiku, wakazipenda. Slowdive waliporudi mwaka 2014 walikuta mbele yao watu wenye nusu ya umri wao. Na hawakubaki kuuza kumbukumbu. Walitoa albamu mpya 2017, na nyingine 2023 ambayo iliingia kumi bora za Uingereza, jambo ambalo hawakuwahi kulifikia walipokuwa vijana. Leo kuna kundi zima la wanamuziki wa miaka ishirini na kidogo, wengi Wamarekani, wanaopiga kwa sauti ile, kama Wisp wa San Francisco aliyejulikana kupitia TikTok mwaka 2023. Hapo wazee walirudi kwa sababu vijana waliwaita, wakaleta nyimbo mpya, na barabara ikawa ya kwenda na kurudi. Pulp nao, wa Sheffield, walitoa albamu mpya Juni 2025, ya kwanza baada ya miaka 24, ikafika namba moja. Nimeisikiliza sana. Ni albamu ya watu wazima wanaosema mambo ya utu uzima, bila kujifanya bado wana miaka 30, na ndiyo maana haimzibii mtu njia.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote hauko Ulaya. Uko kwa jirani zetu, Zambia.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, vijana wa miji ya migodi ya shaba walichukua magitaa ya umeme yenye sauti ya kukwaruza, wakachanganya roki ya Uingereza na Marekani waliyoisikia kwenye redio na santuri za wazungu wa migodini na midundo ya kwao. Rais Kenneth Kaunda alikuwa ameagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, na hawa wakatafsiri agizo lile kwa namna yao: roki, lakini ya Kizambia. Ikaitwa Zamrock. WITCH walikuwa mbele ya wote, wakiongozwa na Emmanuel Chanda, aliyejiita Jagari kwa kufuata jina la Mick Jagger. Kulikuwa pia na Amanaz, na Ngozi Family ya Paul Ngozi, na Musi-O-Tunya, kundi ambalo liliishi na kurekodi hapahapa Nairobi. Wengi wa watu wa rika langu jijini hawajui kwamba mitaa yao iliwahi kuwa na roki ya namna hiyo.

Bei ya shaba ikaporomoka katikati ya miaka ya sabini. Uchumi ukaanguka, usiku ukawa wa hatari, marufuku ya kutembea ikaua madansi. Kisha ukaja UKIMWI. Wanamuziki wa Zamrock walikufa mmoja baada ya mwingine, na karibu wenzake wote wa mwanzo wa Jagari wakaondoka. Yeye akawa mwalimu wa muziki, kisha mchimbaji wa vito, akitoboa ardhi kutafuta mawe, huku santuri zake zikiuzwa na wakusanyaji wa Ulaya kwa bei ambayo yeye hakuiona hata ndotoni. Wakati lebo ya Now-Again ya Los Angeles ilipozitoa upya nyimbo za WITCH, mnamo 2012, alikuwa amekwisha kuwa mzee.

Angeweza kuzunguka na nyimbo zilezile mpaka mwisho. Watu wangelipa. Badala yake alikubali kuunda bendi na vijana wa Kizungu waliokuwa wakiupenda muziki wake, akina Jacco Gardner wa Uholanzi, pamoja na Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa WITCH ya miaka ya themanini. Wakaenda Lusaka, studio za DB, kulekule ambako bendi ilikuwa imerekodi zamani, wakatoa albamu ya Zango mwaka 2023, ya kwanza baada ya karibu miaka 40. Kwenye albamu hiyo yumo Sampa the Great, msanii wa kizazi kipya, mzaliwa wa Zambia aliyekulia Botswana na kupata jina Australia. Na mwaka mmoja kabla, yeye alikuwa tayari amewaweka WITCH kwenye albamu yake mwenyewe. Mzee kampa kijana nafasi, kijana kampa mzee nafasi, na ukisikiliza huwezi kusema nani anamsaidia nani. WITCH wakatoa albamu nyingine tena mwaka 2025. Mwaka 2024 Tyler, the Creator, rapa wa California, alijenga wimbo mzima juu ya kipande cha Ngozi Family cha 1977. Vijana wa Lusaka ambao miaka kumi iliyopita wangeona aibu kupiga roki, sasa wanaitaja Zamrock kama urithi wao.

Sitaki kupaka rangi hadithi hii. Waliokufa hawakurudi, na pesa ya miaka 30 iliyopotea haikurudi. Lakini ukiniuliza kurudi kwa bendi kunapaswa kuwaje, nitakuonyesha Lusaka kabla ya Wembley.

Na kwetu? Afrika Mashariki tunajua utamu wa zilipendwa kuliko mtu yeyote. Tarehe 30 Juni 2022 Wenge Musica walirudiana uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa, JB Mpiana na Werrason jukwaa moja baada ya mtengano wa 1997, na Nairobi nzima ilikuwa ikitazama simu. Dar es Salaam, Msondo na Sikinde bado wana wapenzi wao. Hakuna ubaya. Lakini nina rafiki mpiga gitaa hapa Nairobi, ana bendi ya watu wanne, wana nyimbo zao kumi na kitu za Kiswahili, roki nzito yenye mdundo wa pwani ndani yake. Mwenye baa moja aliwaambia watapata Ijumaa zote za mwezi wakikubali kupiga nyimbo za watu wengine tu, za zamani, na za kwao wasiguse. Waliomba moja kwa usiku, mwanzoni, wakati watu wanaagiza nyama. Walikataliwa hata hiyo moja. Walipiga mwezi mmoja, wakaacha. Sasa wanapiga kwenye karakana ya magari huko Industrial Area, mwisho wa mwezi, kwa watu arobaini au hamsini, na kila nikienda nakuta nyimbo mbili tatu ambazo sikuzisikia mara ya mwisho.

Roki ya Kenya imeshaonyesha kwamba ikipewa mwanya inaweza kwenda mbali. Duma, vijana wawili wa Nairobi waliopiga muziki mzito kuliko chochote nilichowahi kusikia hapa, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na dunia ikawasikiliza. Mmoja wao, Lord Spikeheart, akatoa yake mwenyewe mwaka 2024 kupitia lebo yake ya Haekalu. Hawakutoka kwenye uwanja wa mpira. Walitoka kwenye vyumba vidogo vyenye spika mbovu na watu wachache waliokubali kulipa kiingilio bila kujua watasikia nini.

Ziara ya Oasis ilimalizika São Paulo tarehe 23 Novemba 2025, baada ya shoo 41 katika mabara matano, bila wimbo hata mmoja mpya kupigwa. Wakitangaza nyingine, binamu yangu ataingia tena kwenye foleni, najua, na mimi nitakesha nikitazama simu kama mara ya kwanza. Kitu ninachowaomba akina Gallagher ni kidogo kuliko kile walichodai wenyewe mlangoni pale King Tut's: nusu saa ya mwanzo, kabla watu hawajajaa, kila mji kwa bendi moja ya mji huo isiyo na mkataba. Na ile pauni moja.